Siku ya Tatu: Niliyojifunza katika Kupokea Wageni Usharikani kwetu Dodoma

Nilifika Dodoma mwezi Januari mwaka 1998, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi niliyehamishwa kutoka Rungwe. Ndugu zangu walikuwa wameniaga kwa huruma, wakiamini kwamba naenda kwenye nchi kame isiyo na jani la kijani, lakini ule ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño, na nilichokikuta ni matope, mifereji iliyofurika na mahindi yaliyostawi hadi kwenye vichochoro vya Chang'ombe, nilikopanga chumba kimoja. Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani, nikasimama wageni walipoitwa, nikataja jina langu na nilikotoka, nikapigiwa makofi, nikakaa. Baada ya ibada watu walinisalimu vizuri. Nikarudi chumbani kwangu, nikapika, nikala peke yangu.

Jumanne yake, kabla jua halijachomoza, mlango uligongwa. Alikuwa mama mmoja wa Kigogo, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye nilikuwa nimemwona kanisani katika safu ya mbele ya akina mama. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, “Mwalimu, una ndoo?” Nikamjibu kwamba ninayo. “Basi ichukue twende. Kuna msiba kwa mzee mmoja wa kanisa, na maji hayatoshi.”

Siku ile nilibeba maji kutoka kwenye kioski hadi mabega yakaniuma. Nilichekecha unga wa uwele pamoja na wanawake ambao sikujua jina la hata mmoja wao, na nilipojaribu kusonga ugali kwa namna tunavyosonga wa mahindi kwetu, mama mmoja alinipokonya mwiko akicheka, akanionyesha jinsi uwele unavyotaka mkono mwepesi na moto mdogo. Tulikula ugali ule kwa mlenda, tumekaa chini kwenye mkeka, na tulipokuwa tukikosha masufuria mtu fulani aliita, “Mwalimu, lete lile kubwa!” Sikuhitaji kuuliza ni mwalimu yupi anayeitwa. Jioni ile nilirudi chumbani nikiwa na harufu ya moshi wa kuni na nikiwa mtu wa Dodoma. Mwaka uliofuata baba yangu alipofariki, wanawake wale wale walichanga nauli, na wawili kati yao walipanda basi pamoja nami hadi Tukuyu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mara nyingi methali hiyo hutumiwa kumsema mgeni aliyekaa hadi akachosha wenyeji. Mimi tangu siku ile nimeisikia kwa namna nyingine kabisa. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye shamba, na anayeendelea kuletewa chakula kwenye kiti cha wageni, hata kama chakula ni kizuri na kiti kina kitambaa, bado wenyeji wanamngojea aondoke. Ilinichukua takriban miaka ishirini kuelewa kwamba jambo nililofanyiwa mimi asubuhi moja, bila kamati wala fomu, usharika wetu ulikuwa umelisahau, na kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliolisahau.

Mwaka 2016, wakati Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, wengi wetu hatukushtuka sana. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulikuwa umefanywa tangu mwaka 1973, na tulikuwa tumezoea kuusikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mbali. Safari hii mvua ilinyesha kweli. Waziri Mkuu alihamia mwezi Septemba mwaka ule ule, wizara zikafuata, mwezi Aprili mwaka 2018 manispaa yetu ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka uliofuata ofisi zikaanza kuhamia katika Mji wa Serikali kule Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 410,956 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikatukuta 765,179. Sisi tulioketi kanisani hatukuhitaji kungojea sensa, kwa sababu tuliyaona mabenchi. Ibada ya kwanza ilijaa hadi watoto wakakalishwa kwenye ngazi za madhabahu, na ibada ya pili, ambayo zamani ilikuwa ya vijana na waliochelewa kuamka, ikaanza kuwekewa viti vya plastiki nje, chini ya mwarobaini.

Mimi wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa kwa mwaka wa tano, na nilikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi iliyoundwa kwa ajili ya wimbi lile. Tulifanya kazi kwa bidii na kwa moyo safi, na ningependa hilo lieleweke kabla sijaeleza tulipokosea. Tulichapisha fomu ya mgeni yenye jina, namba ya simu, usharika anakotoka na mtaa anaoishi. Tuliwapa vijana vitambaa vya kuvaa begani ili wageni wawatambue mlangoni. Kila Jumapili wageni walisimama, wakajitambulisha, wakapigiwa makofi, na baada ya ibada wakaingizwa ofisini kunywa soda na kusalimiana na mchungaji. Waliokuja na barua za uhamisho walipewa namba ya bahasha ya sadaka, na waliokuja bila barua walishauriwa waandikie usharika walikotoka. Ukitazama kwa nje, hapakuwa na kilichopungua.

Kulikuwa na neno moja ambalo ningepaswa kulisikia mapema zaidi. Karibu kila mgeni aliyesimama alimalizia kwa kusema, “Nimekuja hapa kikazi.” Nasi tulijibu kwa furaha, “Karibu sana.” Mtu aliyekuja kikazi, kwa maneno yake mwenyewe, mke au mume yuko kwingine, watoto wanasoma kwingine, na moyo wake uko kwenye kituo cha mabasi kila Ijumaa mchana. Upande wetu nao haukuwa tofauti sana. Ugogo ni nchi ya wapita njia tangu enzi za misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, ambayo ililipa hongo kwa watemi wa hapa ili ipate maji na ruhusa ya kupita. Kisha ikaja reli ya Wajerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, nayo ikaendelea kupitisha watu. Wenyeji wamejifunza kumpa mpita njia maji na kumtakia safari njema. Basi kwa miaka miwili au mitatu ile ya mwanzo, wageni walingojea kurudi na wenyeji wakangojea waondoke, huku sote tukiimba wimbo mmoja kutoka kwenye kitabu kimoja.

Nililitambua hilo sokoni Majengo, siku ambayo nilikuwa nimekwenda kununua karanga. Mama mmoja Mwislamu ambaye nilimfundisha mwanawe darasa la tatu alinisalimu, akaniuliza hali ya “yule binti yenu.” Nikamuuliza ni binti yupi. Akaniambia kwamba mpangaji wake, mhasibu katika ofisi moja ya Serikali, msharika wetu, alikuwa amepoteza mimba ya miezi saba wiki tatu zilizopita. Yeye na mume wake ndio waliompeleka hospitali usiku. Yeye ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto aliporudi, na mume wake, pamoja na wafanyakazi wenzake watatu na mume wa yule binti aliyefika siku iliyofuata kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndio waliokwenda kukizika kile kitoto. Alidhani kwamba sisi wa kanisani tulikuwa tumekuja wakati yeye hayupo. Sikuwa na la kumjibu. Niliziacha karanga pale pale.

Binti yule nilimfahamu kwa sura. Alikuwa akiketi benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha, katika ibada ya kwanza, kila Jumapili kwa miezi minane. Alikuwa amesimama kujitambulisha, amekunywa soda yetu, na fomu yake ilikuwa ndani ya faili ofisini, imejazwa kwa mwandiko mzuri kuliko wa wengi. Nilipofika kwake alinipokea kwa adabu, akaniandalia chai ingawa nilimwomba asihangaike, na nilipomwomba msamaha kwa niaba ya usharika alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Mama, nilitaka kuwaambia. Ila sikujua nimwambie nani.” Baada ya hapo akaongeza jambo ambalo sijaacha kulifikiria hadi leo, bila ukali wowote katika sauti yake: “Bahasha yangu ina namba. Wiki tatu haikuja.” (Nimemwomba ruhusa ya kusimulia haya, naye amekubali.)

Nilirudi ofisini, nikamwomba mtunza hazina daftari la sadaka. Ilikuwa kweli. Mbele ya namba yake kulikuwa na kiasi kilichoandikwa kila Jumapili bila kukosa, kisha nafasi tatu tupu. Daftari lile lilikuwa linasomwa kila mwezi, tena kwa makini sana, na halikuwa limesomwa hata mara moja kwa ajili ya kujua nani hayupo. Tulikuwa na taarifa zote ambazo mchungaji mwema angezihitaji ili kumtafuta kondoo mmoja, nasi tulizitumia kujumlisha fedha.

Yaliyofuata hayakwenda kwa mstari ulionyooka, na baadhi ya hatua zetu za kwanza zilizidisha tatizo. Tuliamua kwamba kila bahasha itakayokosekana wiki tatu mfululizo, wazee wawili wamtembelee mwenye nayo. Wiki ya kwanza nilikwenda na mzee mwenzangu kwa kijana mmoja aliyepanga Nkuhungu. Alitufungulia mlango akiwa na wallet mkononi. Kabla hatujakaa akaanza kueleza kwamba mshahara ulichelewa na kwamba ahadi yake ataimaliza. Nilijisikia vibaya kupita kiasi, kwa sababu kijana yule hakuwa amekosea. Kwa uzoefu wake, mzee wa kanisa hubisha hodi nyumbani kwako kwa sababu moja tu. Baadaye tulikubaliana kwamba anayekwenda kumtembelea mtu asiwe na daftari, asiwe mjumbe wa kamati ya fedha, na asiseme neno “ahadi” hata akiulizwa. Tena tuliona ni vema aende mtu mmoja wa jirani badala ya wazee wawili waliovaa rasmi, na aende na kitu mkononi, hata kama ni mafungu mawili ya mchicha, kwa sababu anayeleta kitu haonekani kuwa amekuja kuchukua.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa jumuiya. Kila msharika anajua kwamba kanisa la kweli la mtu ni ile nyumba anakosali na majirani zake kumi au ishirini, kwani huko ndiko habari za ugonjwa na msiba zinakofika kwanza. Wageni wetu hawakuwa wakija kwenye jumuiya, nasi tulikuwa tumeamua kimya kimya kwamba ni watu wa mjini wasiopenda kusali nyumbani. Niliposhika kazi ya kuwauliza mmoja mmoja, jibu lilikuwa jepesi hadi nikaona haya. Jumuiya zetu zilikutana Jumatano saa kumi jioni. Saa hiyo mtumishi anayefanya kazi Mtumba, upande wa mashariki kwenye barabara ya Morogoro, yuko bado ofisini au amebanwa ndani ya daladala, na akifika Nkuhungu ni saa ya kuwasha taa. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumewakaribisha kwenye nyumba ambayo mlango wake ulifunguliwa wakati wasioweza kufika.

Ungetarajia kwamba kubadilisha saa ni jambo dogo. Lilituchukua miezi mitano. Wageni walipendekeza Jumamosi asubuhi. Wenyeji wakakataa, nao walikuwa na sababu nzito, kwa maana mvua ya hapa ni ya msimu mmoja tu, huanza Desemba au mwisho wa Novemba na kukoma Aprili, na katika miezi hiyo Jumamosi ni siku ya shamba kwa kila mwenye kijana wa shule wa kumsaidia kupalilia. Mzee mmoja alisema kikaoni kwamba kama wageni wanataka tuache uwele uliwe na magugu ili wao wapate muda wa kusali, basi wamekuja kutuhamisha sisi. Kikao kilinyamaza. Yule mhasibu, ambaye kufikia hapo nilikuwa nimemshawishi ahudhurie, aliomba nafasi akauliza kwa upole kama mashamba yapo pia wakati wa kiangazi. Ndipo tukapata njia: kiangazi chote tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wakati wa mvua tunakutana Jumapili alasiri. Tangu hapo ratiba yetu ya sala inafuata mawingu, na nadhani hakuna jambo lingine lililowafundisha wageni wetu maisha ya Dodoma haraka kuliko kuisubiri mvua pamoja na wenyeji ili wajue watasali lini.

Hapa sina budi kusema pia habari za upande wa pili, ambao watu wanaozungumzia kupokea wageni huwa hawaugusi. Tulipoamka na kuanza kuwapa wageni majembe, tuliwapa majembe ya mpini mzuri. Wengi wao walikuwa wasomi, wahandisi na wanasheria, na mishahara yao ilikuwa ya uhakika. Kwa hiyo tuliwaingiza kamati ya ujenzi, kamati ya fedha na kamati ya mipango, na baada ya miaka miwili vikao vilikuwa vinaendeshwa kwa haraka na kwa kompyuta, na wale waliobeba mawe ya msingi wa kanisa lile kwa vichwa vyao walikuwa wanakaa kwenye kona wakitikisa kichwa kukubali mambo wasiyoyaelewa. Matangazo yakahamia kwenye kundi la WhatsApp, ambalo Bibi, yaani yule mama aliyenigongea mlango mwaka 1998 na ambaye sasa mtaa mzima unamwita hivyo, hakuwa na simu ya kulipokea. Tukawa tumewapokea wageni kwa namna ya kuwafanya wenyeji kuwa wageni.

Mimi nililiona hilo kwenye mnada. Kwetu, kama ilivyo kwa makanisa mengi ya nchi hii, baada ya ibada tunatoka nje na kunadi vitu vilivyotolewa sadaka na wasio na fedha, kama vile kuku, mayai, mafungu ya mboga na debe la mtama. Mnada huo una adabu zake ambazo hazijaandikwa popote. Bei hupanda kwa mia mia, watu hutaniana, na mwenye kitu kidogo hupata nafasi ya kuonekana ametoa, kisha hupata nafasi ya kununua cha mwenzake. Jumapili moja mnadi aliinua bakuli la karanga. Bibi alikuwa amesimama karibu nami, na nilimwona akifungua pindo la khanga yake polepole, akatoa noti ya shilingi elfu moja, akaikunjua. Alikuwa ametaja mia tano, mtu akataja mia saba, naye alikuwa anajiandaa kutaja elfu. Kutoka nyuma sauti moja ikasema, “Elfu hamsini!” Watu wakapiga makofi na vigelegele, mnadi akashukuru sana, na Bibi akaikunja ile noti tena, mkunjo juu ya mkunjo, akaifunga kwenye pindo. Jumapili zilizofuata alikuwa akienda nyumbani mara tu baada ya baraka.

Bwana aliyetaja elfu hamsini alikuwa mtu mwema, na alitoa kwa furaha. Nilikwenda kwake jioni moja na kumweleza, nikichagua maneno, na nilimwona akiumia. Aliniuliza, “Kwa hiyo, Mwalimu, nisitoe?” Nikamjibu kwamba atoe, bahasha ipo na haina kikomo, lakini mnada ni mahali pa kuuziana. Mke wake alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Mwezi uliofuata alikuja kanisani na mafungu ya mchicha alioupanda mwenyewe kwenye viroba vya udongo uani kwao, akauweka kwenye meza ya sadaka pamoja na mayai ya wengine. Nilikuwa nimemwomba Bibi abaki. Aliununua ule mchicha kwa shilingi mia sita baada ya ushindani mkali na mama mmoja wa kwaya, na yule bwana, ambaye ni mkurugenzi mahali fulani, alisimama akiangalia mboga ya nyumbani kwake ikiondoka chini ya kwapa la Bibi, akiwa na uso wa mtu aliyepokea zawadi.

Baada ya hayo tulikubaliana jambo ambalo kwangu ndilo lililotufaa kuliko yote: mgeni hapewi kazi peke yake na mwenyeji hanyang'anywi. Jembe moja hushikwa na watu wawili. Mhandisi mgeni akiingia kamati ya ujenzi, anaingia na fundi wa mtaani aliyejenga ukuta wa kwanza, na taarifa inasomwa na fundi. Mgeni asiyetaka kamati anakaribishwa penye maji, kuni na masufuria, na nimeona mara nyingi kwamba huko ndiko mtu hufahamika haraka zaidi. Kundi la simu lipo, lakini kila tangazo lina mtu aliyepewa nyumba nne za kwenda kulisema kwa mdomo. Kwaya ya akina mama wetu huimba nyimbo za Kigogo kwa ngoma za muheme, zile ambazo mwanamke huibana katikati ya mapaja akipiga huku amesimama, na kwa muda mrefu wageni walikuwa wakiwapiga picha. Mama mmoja kutoka Kagera ndiye wa kwanza kuiweka simu chini akaomba afundishwe. Walimcheka, wakamfundisha, na sasa anasalimia “Mbukwenyi” kwa lafudhi ya Kihaya ambayo hakuna anayetaka aiache.

Kusimamisha wageni kanisani tumeacha, ingawa wazee wengine bado hawajaridhika. Mgeni huulizwa jina lake na aliyeketi karibu naye, na huyo ndiye anayewajibika kumpeleka kwenye jumuiya ya mtaa wake. Na kwa kuwa wapangaji huhama sana, hasa wanapojenga kule Iyumbu au Nzuguni, tumejiwekea utaratibu kwamba mzee wa jumuiya anayempoteza msharika humsindikiza yeye mwenyewe hadi jumuiya mpya, akasali nao siku hiyo, na kueleza mbele ya watu yale ambayo mwenzao huyo ameyafanya walikotoka. Hilo ni rahisi, na barua peke yake haiwezi kulifanya. Kwa wanafunzi wa vyuo bado tunahangaika, kwa kuwa wakizoeleka wamehitimu. Wale wenye familia Dar es Salaam wanaendelea kuondoka kila Ijumaa, na tangu treni ya umeme ilipoanza safari mwaka 2024 wanaondoka kwa wepesi zaidi, lakini nimeacha kuwahesabu kama watoro. Ninawauliza tu majina ya watoto wao, ili Jumamosi tunaposali tuwataje.

Mwaka jana niligundua kwamba kuna wageni ambao katika miaka yote hii, pamoja na fomu zetu na mafunzo yetu, hatukuwa tumewahesabu hata mara moja. Nilikuwa nimechelewa kutoka ibada ya pili, nikamkuta msichana wa miaka kumi na tisa hivi ameketi chini ya mwarobaini na mkoba wa watoto, akiwasubiri wana wa mwajiri wake watoke Shule ya Jumapili. Nikamsalimu na kumuuliza jina lake. Akanijibu, “Mimi ni dada wa kina Brayani.” Nikamwambia kwamba nimeuliza jina lake yeye. Akalitaja kwa sauti ya chini, kama anayetaja jina la mtu mwingine. Alikuwa ametoka kijiji kimoja cha Singida miaka miwili iliyopita, na kwa miaka hiyo miwili alikuwa amefika kanisani kwetu karibu kila Jumapili. Hakuwa na bahasha, hakuwa na fomu, na wakati bosi wake aliposimama kujitambulisha yeye alikuwa amebaki nje akimbembeleza mtoto. Nilipoendelea kumdadisi akaniambia kwamba kule kwao alikuwa mwanzishaji wa nyimbo.

Tangu siku ile tumewapata wengine kumi na wanne, katika mitaa mitatu tu. Wengi hawawezi kuja jumuiya kwa sababu Jumamosi ni siku ya kufua na waajiri wao, ambao ni washarika wenzetu, hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba nao wanaalikwa. Nimekwenda kuzungumza na baadhi yao. Wawili wamekasirika, na mmoja amenieleza kwamba mambo ya nyumbani kwake si ya kanisa, nitarudi tena. Mhasibu wetu, ambaye sasa ndiye mzee wa jumuiya yake na ana mtoto wa miaka minne, alimwendea mwajiri wa yule binti wa Singida na kumwambia kwamba Jumamosi asubuhi watoto waletwe kwake, mume wake atakaa nao.

Jumamosi iliyopita binti alikuja. Alifika mapema kuliko wenye nyumba walivyotarajia, akiwa na kitabu chake cha nyimbo kilichofungwa kwenye kitambaa, akaketi karibu na mlango. Bibi alimwambia asogee, akasogea kidogo, akaambiwa asogee tena. Ulipofika wakati wa wimbo wa kwanza hakuna aliyeanza. Tulikuwa tumekubaliana hivyo bila kumwambia. Kimya kilikuwa kirefu. Akatazama huku na huku, akafungua kitabu, akaanza juu mno, sauti ikakwama. Akasita. Kisha akaanza upya, chini kidogo, nasi tukaingia.